Rezo ya nyumbani: intaneti ikikatika, kazi isikatike nayo

Kila mara intaneti inapokatika Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, ofisi ndogo na familia nyingi zinasimamisha hata kazi ambazo hazikuhitaji intaneti. Mjadala katika nchi unahusu nani ataleta laini ya nje: makampuni ya telefone ao satelaiti. Lakini sehemu ya hasara inatoka ndani ya nyumba zenyewe, pale ambapo ordinatere tatu ao nne ziko katika chumba kimoja na haziwezi kupeana faili bila kupita Ulaya ao Marekani. Dawa yake ipo, na haina bei ya juu: rezo ya nyumbani yenye seva yake. Ila seva hiyo inaleta swali lingine ambalo mafundi wachache wanalizungumzia, yaani nani anashika ufunguo wake.

Neno moja, vitu viwili

"Rezo haiko." Mashariki mwa Congo, maneno hayo yanabeba mambo mawili tofauti. Kuna rezo inayounganisha mashine za nyumba moja kwa kebo ao kwa Wi-Fi. Kuna pia intaneti, inayounganisha nyumba hiyo na dunia. Ya kwanza ni mali ya mwenye nyumba. Ya pili ni huduma anayoinunua kwa mega ao kwa mwezi, na inaweza kukatwa na vita, na kampuni, na serikali ao na ukosefu wa umeme.

Wakongomani wanajua vizuri jinsi hiyo ya pili inavyoweza kupotea. Mwezi wa kwanza 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja tu baada ya uchaguzi, ilikatwa tena, na ilirudi tarehe 19 mwezi wa kwanza 2019: karibu majuma matatu. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia katika mji wa Goma, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa, na intaneti nayo ikapotea katika sehemu nyingi za mji.

Katika hali kama hizo, hakuna seva ya nyumbani inayoweza kurudisha WhatsApp, kutuma pesa kwa telefone ao kufungua tovuti ya habari. Hilo lisemwe wazi. Lakini barua zilizoandikwa jana, orodha ya wanafunzi, hesabu za butiki, picha za familia na mashine ya kuchapisha vyote vinaweza kuendelea kupatikana, mradi viwe ndani ya nyumba na mashine zijue namna ya kuvitafuta.

Satelaiti haitoshi

Mwezi wa tatu 2024, ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ilikumbusha kwamba kutumia Starlink nchini ni kinyume cha sheria. Mwezi wa tano 2025, mamlaka hiyohiyo ikatangaza kwamba kampuni hiyo imepewa leseni. Kwa mikoa ambayo nguzo za telefone zinaharibiwa ao zinakosa mafuta ya jenereta, kupata mlango wa pili wa kutokea ni jambo kubwa.

Hata hivyo, mlango wa pili haupangi vitu ndani ya nyumba. Chukua mfano wa sekretaria yenye ordinatere nne, ambapo faili zinatumwa kutoka mashine moja hadi nyingine kwa WhatsApp ao kwa barua pepe. Faili ya megabaiti 50 ikitumwa kwa wenzake watatu walio katika chumba kile kile, inaweza kupanda mara moja na kushuka mara tatu: megabaiti 200 zimelipwa ili karatasi ivuke meza. Siku intaneti ikikatika, karatasi hiyo haivuki kabisa. Kwa rezo ya ndani, safari hiyo ni ya sekunde chache na haili hata mega moja.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu. Modemu nyingi zinazouzwa zinatoa Wi-Fi na zina matundu ya kebo. Kinachokosekana ni mashine moja inayokaa bila kuzimwa na kuhudumia zingine. Hiyo ndiyo seva. Na soko la vitu vya okazio limeifanya iwe rahisi kupatikana: tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft ilisimamisha matengenezo ya bure ya Windows 10, na ordinatere nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Kuendelea kutumia mashine hizo kwenye intaneti bila matengenezo ni hatari. Zikiwekewa Linux, ambayo ni ya bure, nyingi kati yake bado zinaweza kufanya kazi ya seva kwa miaka.

Kitabu cha majina

Ili mashine mbili zisemezane, kila moja inahitaji namba. Ndani ya nyumba, namba hizo mara nyingi zinaanza na 192.168, na modemu ndiyo inayozigawa. Lakini watu hawashiki namba kichwani. Hakuna anayekariri namba za telefone za ndugu zake wote. Anatafuta jina, na telefone inatafuta namba. Ordinatere zina kitabu cha namna hiyo, kinachoitwa DNS, kilichobuniwa mwaka wa 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris.

Katika nyumba nyingi, kitabu hicho kiko nje. Mashine ikitafuta jina lolote, inaulizia kwa kampuni ya intaneti ao kwa Google. Laini ikikatika, ni kama vile daftari la namba limebaki kwa jirani na jirani amefunga mlango. Mashine ya kuchapisha iko mita mbili kutoka mezani, inafanya kazi, lakini ordinatere iliyozoea kuuliza nje haijui tena iko wapi.

Seva ya majina ya nyumbani inarudisha daftari ndani. Inajibu yenyewe juu ya majina ya nyumba, na kwa majina ya nje inakwenda kuuliza, kisha inakumbuka jibu kwa muda. Intaneti ikiwa nzima, hakuna anayetambua tofauti. Ikikatika, majina ya ndani yanaendelea kujibiwa.

Jina la kuipa rezo hiyo si jambo la kubahatisha. Mafundi wengi wanaandika jina lolote linalowapendeza, hata linaloishia na .com ao .cd ambalo hawakulinunua. Kesho mtu mwingine akilinunua, mashine za nyumba zinaweza kuanza kugonga mlango wake. Jina linaloishia na .local nalo linaleta ugomvi, kwa sababu limetengwa kwa njia nyingine ya mashine kutafutana bila seva. Njia salama ni mbili: home.arpa, iliyotengwa kwa ajili ya nyumba mwaka wa 2018, na .internal, ambayo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, iliitenga mwaka wa 2024 kwa rezo za ndani. Majina hayo hayatauzwa kwa mtu yeyote.

Kutoka majina hadi domeni

Kitabu cha majina kinasema mashine iko wapi. Hakisemi nani anaruhusiwa kuifungua. Kazi hiyo ni ya seva ya domeni. Katika rezo yenye domeni, mtu ana jina moja na neno la siri moja, na anaweza kuketi mbele ya ordinatere yoyote ya ofisi akapata kazi yake. Mfanyakazi akiondoka, jina lake linafungwa mahali pamoja, si kwenye mashine sita moja baada ya nyingine. Mhasibu anaona hesabu. Mwanafunzi wa mazoezi hazioni.

Mfumo wa Microsoft wa kufanya hivyo, Active Directory, ulikuja na Windows 2000. Leseni ya Windows Server ni ghali kwa ofisi ndogo ya Kivu ao Ituri, na wengi wanaanza na toleo la majaribio, ambalo linaisha baada ya siku 180. Kuna njia nyingine. Tangu mwezi wa kumi na mbili 2012, programu ya bure inayoitwa Samba, inayofanya kazi juu ya Linux, inaweza kuwa seva ya domeni na kupokea ordinatere za Windows kana kwamba ni seva ya Microsoft.

Kizuizi kimoja kinawashangaza watu wengi baada ya kutumia pesa: ordinatere yenye Windows ya aina ya Home haiwezi kuingia katika domeni. Inahitaji Pro ao zaidi. Mnunuzi wa mashine ya okazio anaweza kuhakikisha jambo hilo dukani kwa dakika moja, kabla ya kulipa.

Saa, modemu na umeme

Domeni nyingi za ofisi ndogo haziangushwi na wadukuzi. Zinaangushwa na mambo madogo matatu.

La kwanza ni saa. Domeni inakagua kama saa ya mashine na ile ya seva zinalingana, na kwa kawaida inavumilia tofauti ya dakika tano tu. Ordinatere ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa inaamka baada ya kila mkato wa umeme ikidhani ni miaka kumi na tano iliyopita, na domeni inaweza kuikatalia mlango. Mashariki kuna mtego wa ziada. Goma, Bukavu na Bunia ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Fundi akichagua saa ya Kinshasa, mtumiaji anaona saa iko nyuma na anaisogeza kwa mkono. Kwa macho yake sasa ni sawa. Kwa seva, mashine hiyo imekosea kwa saa nzima. Dawa ni kuchagua eneo la saa linalofaa: Africa/Lubumbashi katika Linux, ao lile la Harare na Pretoria katika Windows.

La pili ni modemu. Modemu inapogawa namba, inaziambia pia mashine zikaulize majina kwake. Lakini modemu haijui domeni, na mashine inazunguka bila kuona seva iliyo pembeni yake. Ni lazima ugawaji wa namba uzimwe kwenye modemu na upewe seva, ao modemu ipangwe ielekeze kwa seva. Vyote viwili vikigawa pamoja, mashine zinapata majibu yanayopingana: leo kazi inaenda, kesho haiendi, na hakuna anayejua sababu. Wengine wanaongeza namba ya Google, 8.8.8.8, kama msaada wa pili. Google haijui jina la mashine ya nyumbani kwa mtu. Ikiulizwa, itajibu kwamba halipo, na ordinatere itaamini.

La tatu ni umeme. Goma ina Virunga Energies, Nuru na SNEL, lakini nyumba nyingi za mashariki bado zinaishi kwa batri na paneli za jua. Hapo hesabu ni ya wazi. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200, na kama ni ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 600. Ordinatere kubwa ya mezani inayokula wati 80, pamoja na modemu ya wati 10, itakaa kwa muda usiofika saa saba. Ordinatere ya kubeba inayokula wati 20, na modemu ileile, itakaa saa 20, bila kuhesabu kinachopotea katika inveta. Tena ordinatere ya kubeba ina batri yake ndani, na hiyo inaisaidia isizimike ghafula wakati inaandika kwenye disku. Kwa seva ya nyumbani, mashine ndogo ya zamani inaweza kushinda kubwa na mpya.

Telefone nazo zina tabia yao. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti, inaonya na mara nyingi inarudia mega za mwenyewe. Watu wa nyumba wanapaswa kuelezwa kwamba Wi-Fi hiyo bado ina kazi. Kwa wanafunzi, ina kazi kubwa: programu ya bure ya Kiwix inawezesha kuweka Wikipedia ya Kifaransa yote ndani ya seva, na watoto wakaisoma kwa telefone bila mega. Inahitaji makumi ya gigabaiti, ambazo zinaweza kubebwa kwa disku kutoka kwa mtu aliyekwisha kuipakua.

Nani anashika ufunguo

Hapa ndipo jambo linaacha kuwa la mafundi peke yao. Faili zilipokuwa zimetawanyika katika mashine sita na telefone kumi, mwizi mmoja hakuweza kuchukua vyote. Zikikusanywa katika seva moja, mkoba mmoja unatosha kuondoa kumbukumbu ya ofisi nzima. Katika mikoa ambako nyumba zinaporwa, ambako watu wanahama kwa saa moja na ambako orodha ya majina inaweza kuwaweka watu hatarini, hilo si wazo la mbali.

Kituo cha afya kina majina ya wagonjwa. Shirika la kiraia lina majina ya waliohama na ya waliotoa ushuhuda. Masomo yana majina ya watoto na mitaa wanamoishi. Sheria ya Congo juu ya mambo ya kidijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inampa anayekusanya habari za watu wajibu wa kuzilinda. Lakini hata bila sheria, ofisi inayoweka majina hayo katika seva isiyofungwa imebeba hatari kwa niaba ya watu ambao haikuwauliza.

Ulinzi wa kwanza ni kuifunga disku yenyewe kwa neno la siri, jambo ambalo Linux inaweza kufanya bure. Disku iliyofungwa hivyo ikiibiwa, haisomeki. Kuna gharama: baada ya kila mkato mrefu wa umeme, mtu mwenye neno la siri lazima aje kulitia kabla seva haijaamka. Kwa hiyo watu wawili walijue, wala si fundi peke yake. Ofisi ambayo fundi ndiye mtu wa pekee mwenye neno la siri la seva imempa mamlaka kuliko mkurugenzi. Akihama, akigombana nao ao akifa, ofisi inabaki nje ya mlango wake wenyewe.

Ulinzi wa pili ni nakala. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo: hiyo ni kanuni ya zamani ya kazi hii. Mashariki, "mbali" kunapaswa kumaanisha mji mwingine, kwa sababu mtaa mzima unaweza kukimbia usiku mmoja. Hapo intaneti inapata kazi yake ya kweli: ikiwa ipo, inapeleka nakala iliyofungwa mahali pengine usiku. Disku ndogo inayobebwa na msafiri inafanya kazi hiyohiyo.

Ulinzi wa tatu ni kutotegemea seva moja. Windows kwa kawaida inakumbuka watu kumi wa mwisho waliofungua mashine, hivyo seva ikizima wanaweza kuendelea kwa muda kwenye mashine zao. Mgeni ao mfanyakazi mpya hawezi. Ofisi yenye kazi nzito inahitaji seva ya domeni ya pili, hata kama ni mashine dhaifu.

Somo la nchi katika chumba kimoja

Swali la majina na njia za ndani liliikuta nchi pia. Zaire ilikuwa na herufi zake kwenye intaneti, .zr, nchi ilipobadilisha jina ikapewa.cd mwaka wa 1997, na .zr ikafutwa mwaka wa 2001. Kwa miaka mingi ujumbe kati ya majirani wawili wa Kinshasa wenye makampuni tofauti ulipita ng'ambo kabla ya kurudi. Mwaka wa 2012 KINIX ikafunguliwa Kinshasa ili makampuni yabadilishane ujumbe papo hapo, na baadaye Lubumbashi na Goma zikapata vituo vya aina hiyo. Sababu ni ileile ya sekretaria yenye ordinatere nne: kisicho na lazima ya kutoka kisitoke.

Si kila nyumba inahitaji domeni. Familia yenye telefone tatu na ordinatere moja itapata faida kwa disku ya pamoja na Wi-Fi iliyopangwa vizuri, na domeni itakuwa mzigo tu. Nyumba yenye mashine mbili ao tatu na watoto wa masomo inaweza kuongeza seva ya majina na Kiwix. Ni kuanzia mashine tano hivi, na watu wenye haki tofauti, ndipo domeni inaanza kulipa jasho lake: sekretaria, kituo cha afya, masomo, shirika.

Kwa wote kuna jaribio moja lisilo na gharama. Siku ambayo kila kitu kinafanya kazi, kebo ya intaneti ichomolewe kwa saa moja, na kila mtu ajaribu kuendelea na kazi yake. Kile kitakachosimama bila sababu ndicho cha kurudisha ndani kwanza. Ni afadhali kulijua siku hiyo kuliko usiku ambao hakuna fundi atakayeweza kufika.